Pijo Linachemsha, Harusi Inakaribia

Jumatatu, 2 Julai 1984

Limechemsha tena! Safari hii mbele ya soko, watu wakitazama. Mvuke ukapanda kutoka kwenye boneti kama sufuria ya makande. Muuza ndizi mmoja akauliza kwa sauti kama maharage yangu yamekaribia kuiva. Nilikuwa nasoma mshale wa joto.

Niyaandike mambo kwa utaratibu, kama nilivyowataka wanafunzi wangu wa sayansi wafanye kabla sijastaafu. Kwanza, tatizo. Pijo langu, gari la mwaka 1966, siku nyingine huchemsha na siku nyingine halichemshi. Barabara ileile, mzigo uleule, dereva yuleyule. Pili, muda. Hilaria, binti yangu wa mwisho, anafunga ndoa Jumamosi ya wiki ijayo, katika kanisa la Bonga, kwao bwana harusi. Tatu, ahadi. Nimetangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba binti yangu atapelekwa kanisani na baba yake, ndani ya gari la baba yake.

Niliitangaza kwa sababu ya Aniceti. Huyu ndiye baba wa bwana harusi, bwana shamba mstaafu, mwenye trekta. Alisema mbele ya kikao: usihangaike, Mwalimu, mtoto atapanda trela, tutatandika majani ya migomba na mkeka juu yake. Majani ya migomba! Binti yangu si mkungu wa ndizi.

Lakini si fahari tu. Tangu tulipopokea posa sijapata nusu saa na huyu mtoto. Nyumba imejaa mashangazi. Nikiingia sebuleni wananyamaza, nikitoka wanacheka. Mama yake na mashangazi watatangulia. Kutoka hapa Bagara hadi Bonga ndani ya Pijo tutakuwa wawili tu, na nina mengi ya kumweleza. Gari likichemsha njiani, nitaeleza nini? Nitakuwa natafuta maji.

Jumanne, 3 Julai

Nimekagua injini asubuhi. Kila kitu safi, hasa mkanda wa feni.

Mkanda huu ni kazi ya mikono yangu. Ule wa dukani ulikatika mwezi wa tatu. Nilifunga safari hadi Arusha kutafuta mwingine. Muuza vipuri akasema mikanda itapatikana meli ikija. Nikauliza meli gani. Akasema hata yeye angependa kujua. Basi nikachukua ngozi ya ng'ombe, nikakata ukanda, nikaukunja mara mbili, nikaushona kwa kano. Wafugaji wa kwetu wamefunga kila kitu kwa ngozi tangu zamani. Kwa nini si feni?

Kwa asiyejua: injini huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha feni pamoja na pampu ya maji. Feni hupuliza rejeta, pampu husukuma maji yazunguke, injini ikapoa. Ni jambo rahisi, ila lahitaji matunzo. Kila asubuhi naulisha mkanda wangu mafuta ya kondoo, kama ninavyopaka viatu vyangu dawa. Msuguano ni adui wa mashine. Sentensi hiyo niliiandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyeinakili vibaya.

Kandida haelewi. Mke wangu ni mtu mwema, lakini mambo ya mashine yanampita. Mafuta ya kupikia hayajaonekana katika duka la ushirika tangu Pasaka, kwa hiyo ameweka kopo la mafuta ya kondoo kwa ajili ya wali wa harusi. Alinikuta nalo. Akasema: Baba Hilaria, wageni wale wali mkavu ili gari lako ling'ae? Nikamjibu kwamba nachukua kijiko tu. Akasema kijiko changu ni kikubwa kuliko koleo la mkaa.

Nikaulisha mkanda, nikaenda Singe kuchukua masufuria ya kuazima. Likachemsha kabla sijafika. Nimerudi na sufuria moja, kichwani.

Alhamisi, 5 Julai

Nimemwita Mikidadi, fundi wa karibu na stendi. Sikumwita kwa ushauri. Nilimwita kwa sababu ana spana.

Alichomeka bisibisi sikioni, akaigusisha kwenye injini, akafumba macho muda mrefu hadi nikadhani amelala. Kisha akasema ni thamostati. Hiki ni kimlango kidogo kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto. Mikidadi akasema kimlango kikikwama, maji yanakaa ndani kama wageni waliokatazwa kutoka. Mfano mzuri. Nilisikitika kwamba si wangu. Tukakitoa.

Nikataka kujaribu gari mara moja, nikatafuta kopo la mafuta. Halipo! Kandida amelificha. Nikaondoka bila kuulisha mkanda, nikiwa na wasiwasi kama mtu aliyetoka bila kusali.

Ajabu! Nimepanda mlima wa Bonga hadi juu, nikageuka, nikarudi. Mshale wa joto haukutikisika. Ni thamostati! Nilipita nyumbani kwa Aniceti na kupiga honi mara kadhaa. Akatoka na mswaki mdomoni, akauliza kuna msiba? Nikamwambia kuna furaha, aanze kulisha mbuzi yale majani ya migomba.

Jumamosi, 7 Julai, Sabasaba

Nimeliona kopo. Lilikuwa ndani ya debe la unga, limezikwa. Mkanda ulikuwa umeshinda njaa siku mbili, basi nikaulisha mara tatu.

Sherehe zilikuwa uwanjani. Nilifika kwa heshima zote, nimevaa Kaunda suti, nikaegesha gari nyuma ya jukwaa ili nionekane. Nilichoonekana nacho ni mvuke. Ulipanda, upepo ukausogeza, ukalifunika jukwaa zima. Mgeni rasmi alikuwa anazungumzia kubana matumizi. Akasita, akatafuta miwani yake. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba jukwaa linawaka. Wachezaji wa ngoma wakakimbia kwanza, wapigaji baadaye.

Mikidadi alikuwepo. Nikamwuliza: thamostati tumeitoa, sasa ni nini? Akasema basi ni mambo ya ndani. Nikamwuliza ndani wapi. Akasema ndani kabisa.

Aniceti akaja na kikombe kitupu. Akakikinga kwenye rejeta yangu mbele ya watu, akasema: Mwalimu, ya kwangu usitie sukari, najua haipatikani. Wakacheka hata wazee ambao niliwafundisha watoto wao.

Lakini Mungu si Aniceti. Alipoondoka akapita njia ya ziwani, trekta lake likazama kwenye tope. Magurudumu makubwa yakazunguka palepale, yakirusha matope juu ya shati lake jeupe. Nikafika kwa miguu, kwa kuwa Pijo lilikuwa bado linapoa. Watu wamekusanyika, hakuna anayejua la kufanya. Nikawaeleza, bure, bila kinyongo. Kitu kinachozungusha kingine lazima kikishike. Kisiposhika kinateleza, kikiteleza injini inafanya kazi bure. Utelezi ndio ugonjwa, ukavu ndio dawa. Leteni mchanga na majani makavu! Wakaleta, trekta likatoka. Watu wakapiga makofi. Aniceti hakusema ahsante. Alisema tu kwamba somo lilikuwa refu kuliko tope lenyewe.

Nimerudi nyumbani na moyo mweupe. Nimeulisha mkanda kabla ya kulala.

Jumapili, 8 Julai

Jana usiku nilifurahi mapema mno. Kandida alisikia kopo likilia, akaja na taa ya chemli. Akaufuta mkanda wote kwa kitambaa, mafuta yakarudi kwenye kopo, kijiko kwa kijiko. Sijapata kuona ubahili kama ule. Leo ni Jumapili, sifanyi kazi za mikono, sikuulisha tena.

Tumekwenda Misa ya mjini, tukatembelea mgonjwa Singe, tukawa nyumbani mapema kabla ya saa nane, kama sheria ya Jumapili inavyowataka wenye magari binafsi. Halikuchemsha hata mara moja!

Nimekaa na kufikiri. Kati ya jana na leo kimebadilika nini? Nikapata jibu wakati wa kula. Maji! Jana nilijaza rejeta maji ya ziwani. Jioni nikajaza ya kijito. Ziwa letu lina viboko. Kiboko ni mnyama mkubwa, hukaa majini mchana kutwa, na kila alichokula usiku hukiachia humo. Mabaki yale yanaziba mishipa ya rejeta. Siku zote nilikuwa nawalaumu mafundi, kumbe wahusika wako majini wanapumua tu.

Nikamweleza Hilaria alipopita na bakuli. Nilifika kwenye tumbo la kiboko, mashangazi wakamwita.

Jumatano, 11 Julai

Nimemwaga maji yote ya rejeta. Nimebeba madumu mwenyewe hadi chini ya mlima Kwaraa, kwenye chemchemi, nikachuja maji kwa kanga ya Kandida. Nimeulisha mkanda, kwa siri, alipokwenda kupanga foleni ya sukari. Kisha nikaenda Bonga kuonana na padri.

Likachemsha mlimani. Maji ya chemchemi! Yaliyochujwa! Viboko hawana hatia.

Nilifika kwa padri nimechelewa, suruali imelowa. Akanipokea kwa upole lakini maneno yake hayakuwa na upole. Jumamosi ndoa ni saa nne kamili. Saa sita ana Misa kigangoni, mbali, na Jumapili anaondoka likizo. Bibi harusi atakayechelewa atamsubiri hadi arudi, mwezi wa tisa. Aliyasema haya huku anatazama Pijo langu, si mimi.

Mwezi wa tisa! Ng'ombe wa sherehe amekwisha kununuliwa, mashangazi wamekwisha fika kutoka Dareda, na pombe imekwisha kupikwa. Mashangazi hadi mwezi wa tisa! Nyumba haitabaki na mlango.

Nikiwa njiani nasubiri injini ipoe, Aniceti akapita na trekta. Akasimama, akanisalimu vizuri, akaniomba anivute hadi nyumbani. Nikamwambia siko matatani, napumzisha injini. Akasema injini hiyo imepumzika kuliko dereva wake. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kijana wake Fabiani hali wala halali kwa hofu ya saa nne. Nikamwambia amwambie mkwe wangu ale.

Nimefika nyumbani gizani. Kandida alinipa chakula kilichopoa.

Ijumaa, 13 Julai

Nimeupata ugonjwa! Na nilikuwa nausikia siku zote.

Leo nimeliwasha gari likiwa limesimama, nikainamisha kichwa kwenye boneti na kusikiliza. Muda mfupi kabla ya mshale kupanda, mkanda unalia. Unalia kama mtoto wa nguruwe. Siku ambazo gari halichemshi, haulii. Sasa, kiumbe kinacholia kina nini? Kina njaa! Vijiko vyangu havikutosha. Nimekuwa nikimlisha ng'ombe mzima kwa kiganja.

Dawa ni moja. Nimeuvua mkanda, nimeuweka kwenye beseni barazani, nimeumiminia kopo zima la mafuta ya kondoo. Utalala humo usiku kucha na kushiba. Kandida yuko jikoni na mashangazi, wanaimba, hawasikii kitu. Wali wa kesho utakuwa mkavu, lakini nani amewahi kukumbuka wali wa harusi? Watu hukumbuka bibi harusi alifikaje.

Hilaria alitoka kupunga upepo, akanikuta nimechuchumaa kando ya beseni. Akauliza, Baba, mbona hulali? Nikamwambia namwandalia safari yake. Akakaa kwenye ngazi karibu nami. Nikataka kumwambia jambo, ila nilikuwa na mafuta hadi viwikoni. Akaniaga usiku mwema, akaingia ndani.

Nitamwambia kesho. Tutakuwa na njia nzima.

Jumamosi, 14 Julai

Mkanda umeliwa.

Beseni lilikuwa safi kama limeoshwa kwa sabuni. Kando yake amelala mbwa wa shangazi Domitila, aliyekuja naye kutoka Dareda bila kualikwa. Tumbo limevimba. Pembeni mwa mdomo wake palining'inia kipande cha kano. Alinitazama kwa shukrani.

Saa mbili asubuhi. Nikakata mshipi wa suruali yangu nikafunga feni. Ukakatika. Nikachana kitenge. Kikakatika, na kilikuwa cha shangazi Domitila. Akasema mbwa wake ana akili kuliko ukoo wetu. Nikasema mbwa wake ni mwizi. Akasema mwizi haandaliwi kwenye beseni.

Kandida akatoka, akaliona kopo tupu. Sitaandika aliyosema. Alisema kwa Kiiraqw, na mengine yalihusu mama yangu.

Ndipo tukasikia trekta. Aniceti mwenyewe kwenye usukani, amevaa koti, nyuma trela limejaa wanawake wanaopiga vigelegele. Majani ya migomba, na mkeka juu yake. Akaona boneti imefunguliwa. Akaniona nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Hakucheka. Ingekuwa heri acheke.

Nikasema nipewe dakika chache tu. Aniceti akasema: Mwalimu, dakika ni za padri, mimi na wewe hatuna. Nikasema binti yangu hapandi trela, niliahidi. Wazee wakaanza kutazama viatu vyao. Hilaria akatoka na shela lake. Hakumtazama mtu. Alipita katikati yetu, akafungua mlango wa Pijo, akaketi kiti cha mbele karibu na dereva, akafunga mlango. Akasema kupitia dirishani kwamba yeye anakwenda na baba yake, watu wazima watafute namna.

Kandida akasema fungeni Pijo nyuma ya trela kwa mnyororo. Akanigeukia: na wewe Baba Hilaria, kaa kwenye usukani, si ndiyo gari lako? Shangazi mmoja akanirushia kamba ya kufungia suruali.

Basi ndivyo tulivyokwenda. Trekta mbele, trela la mashangazi, mnyororo, Pijo. Tulikwenda polepole kuliko nilivyowahi kwenda, na njia ya Bonga ikawa ndefu kama ninavyoipenda. Niliwasha swichi ili mshale wa joto usome, ingawa injini imezimwa. Nikashika usukani kwa mikono yote miwili, nikakohoa, nikaanza. Nilianza na akiba ya chakula, halafu maji ya kunywa na jinsi ya kuyachemsha. Tulipofika ziwani nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nikamweleza kwamba machozi ni maji yenye chumvi kidogo, hutengenezwa na tezi iliyo juu ya jicho, na yakizidi hupitia puani, ndiyo maana mtu anayelia hupenga kamasi. Akacheka huku analia, akapenga kwenye shela. Akasema alikuwa anaogopa nitatazama mshale njia nzima. Mimi? Niliutazama mara chache tu. Akaniuliza nitamweleza nani mambo sasa. Nikasema nitamweleza mama yake. Akasema, maskini Mama. Kisha akaniambia niendelee, nilikuwa nimefikia wapi, kwenye maji ya kunywa? Nikaendelea hadi mlangoni pa kanisa, na hakuna shangazi aliyemwita.

Padri alikuwa ngazini, jicho kwenye saa yake. Saa nne ilikuwa bado kidogo! Fabiani alimfungulia Hilaria mlango. Aniceti akashuka kwenye trekta, akasema: Mkwe, gari lako linakwenda vizuri likipata mwalimu mbele. Nikamwambia vumbi lake lilikuwa zuri pia.

Wali ulikuwa mkavu. Watu wamesema hivyo, wengi, na kwa sauti.

Jumatatu, 16 Julai

Nyumba kimya. Mashangazi wameondoka, na mbwa. Hilaria yuko Bonga. Mara mbili leo nimeita jina lake nikitaka anishikie spana.

Ili nisikae bure, nimechambua matokeo. Jumamosi Pijo lilipanda mlima uleule unaolishinda siku zote. Mshale wa joto haukusogea hata unywele. Nilikuwepo, niliutazama. Ni nini kilichobadilika? Thamostati ilikwisha kutoka. Maji yaleyale. Dereva yuleyule. Kitu kimoja tu hakikuwepo: mkanda! Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye mkanda. Nimekuwa karibu na ukweli muda wote, na imebidi mbwa anisogeze.

Swali linabaki, mkanda ulikuwa na kosa gani? Jibu liko wazi. Mbwa hali ngozi kavu. Ule mkanda, baada ya usiku mmoja tu kwenye beseni, ndio kwanza ulikuwa umeanza kufaa. Niliuandaa vizuri ila niliuandaa kwa kuchelewa.

Aniceti ametuletea ngozi ya ng'ombe wa harusi, kama ukwe unavyotaka, na nyama, na dumu la mafuta ya kondoo kumpoza Kandida. Nimekwisha kata ukanda mpya, mpana zaidi. Kesho kutwa nampeleka Kandida Bonga akamwone mtoto. Amesema atakwenda kwa miguu. Atabadilisha nia akiona kazi ilivyo.

Mkanda uko kwenye mafuta tangu asubuhi, chumbani, mlango nimefunga kwa ufunguo. Unazidi kulainika. Nimeujaribu sasa hivi: nikiushika unaniponyoka, nikiuvuta unapita kati ya vidole kama kambare. Hautashika kitu chochote. Mkanda bora kama huu sijapata kuuona.